Kupika kwa Wingi na Kugandisha Mchuzi: Mwongozo kwa Familia Yenye Shughuli Nyingi

Katika nyumba nyingi za Kampala, Wakiso na Mukono, baba na mama hutoka alfajiri ili wasikwame katika foleni ya magari, na hurudi wakati watoto wameshaanza kusinzia juu ya madaftari yao. Saa hiyo si ya kuanza kuchagua maharage. Maharage makavu yanahitaji saa mbili au tatu juu ya sigiri, nyama ya ng'ombe wa kienyeji haiivi upesi, na mulokoni, yaani mchuzi wa kwato za ng'ombe, huchemka karibu kutwa nzima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo nzito siku moja ya mwisho wa wiki, kuigandisha kwa usalama, na kuila siku za kazi bila mtu yeyote kusimama jikoni hadi saa nne usiku.

Kanuni moja inatangulia nyingine zote. Sahani ya kwetu Uganda ina sehemu mbili: chakula chenyewe, yaani matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, viazi vitamu, mihogo au kalo (ugali wa ulezi), na mchuzi unaokiteremsha. Mchuzi ndio unaokula muda na makaa, na kwa bahati nzuri mchuzi ndio unaovumilia baridi kali bila kuharibika ladha. Posho iliyoganda hutoa maji na kumegekameguka, na matoke yaliyopondwa hurudi yakiwa makavu, yamepoteza ule ulaini uliofanya yapendwe. Kwa hiyo gandisha mchuzi, na chakula kipike siku ileile. Posho huiva kwa dakika ishirini hivi, wali hauzidi nusu saa, na ndizi za matoke zinaweza kumenywa usiku wa kuamkia siku hiyo, zikahifadhiwa ndani ya maji katika jokofu. Ukiishika kanuni hii, nafasi ndogo uliyo nayo katika friza haitajazwa na vitu ambavyo hakuna mtoto atakayevila.

Kwanza, ijue friza yako

Kabla ya kwenda sokoni, fungua mlango wa friza na utafute alama za nyota. Nyota moja ina maana kwamba sehemu hiyo hufikia nyuzi 6 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na chakula kilichokwisha kuganda kinaweza kukaa humo kwa wiki moja tu. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, na muda wake ni mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo unaweza kuhesabu miezi mitatu. Nyota nne hufikia baridi hiyohiyo, lakini zina uwezo wa ziada wa kugandisha chakula ambacho bado hakijaganda bila kuyeyusha kilichomo. Majokofu madogo ya mlango mmoja, yale yenye kijisanduku cha barafu ndani, mara nyingi hayafiki nyota tatu. Ukiwa na jokofu la namna hiyo usikate tamaa, lakini pika mchuzi wa siku nne au tano tu, uutunze sehemu ya kawaida ya jokofu ule utakaoliwa ndani ya siku tatu, na uliobaki uuweke katika kijisanduku.

Kama unanunua friza iliyokwisha kutumika, ambayo ndiyo njia ya wengi wetu, kagua mpira wa mlango kwa kubana karatasi kati ya mlango na fremu: karatasi ikichomoka bila kushikwa, baridi inavuja na umeme wa yaka, yaani ule wa kulipia kabla, utaisha haraka kuliko ulivyopanga. Kipimajoto kidogo cha friza ni kifaa cha bei nafuu ambacho ningekishauri kabla ya chombo kingine chochote, kwa sababu barafu kuonekana kwa macho si ushahidi kwamba umefika nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kuchagua cha kupika

Maharage ndiyo ya kwanza kwa kila hali: ni ya bei ya wastani, yanatumia moto mwingi, na yakiganda hayabadiliki hata kidogo. Nayafuatisha na nyama ya ng'ombe au mbuzi ya mchuzi, kuku wa kienyeji aliyechemshwa na kuungwa, matumbo yaliyochemshwa kwa ajili ya katogo (matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo) ya asubuhi, mulokoni, na mchuzi wa karanga. Mboga zilizopikwa kwa siagi ya karanga au ya ufuta, kama malakwang, mboga ya majani machachu ya ndugu zetu wa kaskazini, nazo huganda vizuri. Chapati zilizoiva hukaa mwezi mzima zikitenganishwa kwa karatasi, na sambusa mbichi zilizokwisha kufungwa hutoka friza zikaingia moja kwa moja katika mafuta ya moto, jambo ambalo familia zinazofunga Ramadhani hulithamini sana saa ya kufuturu inapokaribia.

Viazi mbatata ndani ya mchuzi ni vya kuacha, kwa kuwa hugeuka kuwa na chengachenga. Vitie siku ya kupasha. Mayai ya kuchemsha huwa kama mpira. Mboga za majani kama dodo, nakati na bbugga hupatikana kila siku sokoni na huiva kwa dakika chache, kwa hiyo sioni sababu ya kuzigandisha. Mukene mkavu, yaani dagaa, hauhitaji baridi yoyote. Unahitaji chombo kikavu chenye kifuniko.

Kwa familia ya watu sita, hesabu ya kuanzia inaweza kuwa hii: kilo 3 za maharage makavu, kilo 3 za nyama na kilo 1 ya karanga za kusaga. Nusu kilo ya maharage makavu inatosha mlo mmoja, robo tatu ya kilo ya nyama vilevile, na karanga gramu 300 hivi. Hiyo ni milo sita ya maharage, minne ya nyama na mitatu ya karanga, jumla 13, yaani jioni za siku za kazi kwa zaidi ya wiki mbili. Ukichukulia lita moja na nusu kwa kila mlo, unahitaji nafasi ya lita 20 hivi katika friza, na wenye sanduku la barafu dogo wagawe hesabu hii kwa tatu.

Sokoni na usiku wa kuamkia

Nyama na kuku vinunuliwe asubuhi ya siku ya kupika, lakini vitu vikavu, vitunguu na nyanya vinunuliwe mapema, na katika masoko ya Kalerwe au Nakawa utavipata kwa jumla kwa bei iliyo chini ya duka la mtaani. Karanga zichaguliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Punje zilizosinyaa, zenye rangi ya kijivu au kijani, au zenye harufu ya ukungu, zinaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondolewi na kuchemsha wala kugandisha. Nunua karanga nzima, uzichambue nyumbani chini ya mwanga mzuri, kisha uzipeleke kusagwa. Unga uliokwisha kusagwa hauonyeshi kilichokuwamo.

Usiku, chambua maharage, uyaoshe na uyaloweke katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo na utumie mapya. Maharage mekundu, na hasa yale makubwa, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko mkali wa angalau dakika kumi, na moto wa polepole peke yake hautoshi kuivunja. Kwa hiyo hata kama unatumia kikapu cha kuhifadhi joto au sigiri yenye makaa machache, ni lazima sufuria ianze kwa kutokota kwa nguvu kabla ya kupunguziwa moto.

Siku ya kupika

Mpangilio wa moto ndio unaoamua kama utamaliza saa nane mchana au saa mbili usiku. Kinachochelewa kuiva kitangulie: maharage kwenye sigiri ya kwanza, mulokoni au nyama kwenye ya pili, na wakati hivyo vinachemka, wewe na watoto wakubwa mnamenya vitunguu na kukata nyanya. Sufuria ya presha, ya umeme au ya jikoni, hupunguza muda wa maharage yaliyolowekwa hadi chini ya saa moja, na kwa jinsi makaa yalivyo ghali, hasa tangu Serikali ipige marufuku biashara yake katika maeneo ya kaskazini mwezi Mei 2023, gharama ya sufuria hiyo hujirudisha.

Badala ya kuunga kila mchuzi peke yake, tengeneza rojo moja kubwa. Kaanga vitunguu vya kutosha hadi vibadilike rangi, tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya nyingi, na uache moto mdogo uikaushe hadi mafuta yaanze kujitenga juu. Rojo hilo ligawe: fungu moja kwenye maharage, fungu moja kwenye nyama, na fungu la tatu ligandishwe lenyewe katika vyombo vidogo, kwa sababu siku utakayorudi na samaki kutoka soko la Ggaba kando ya ziwa au na sukuma wiki tu, hilo ndilo litakalokuokoa.

Mambo mawili kuhusu upishi wenyewe. Maharage na nyama viondolewe motoni vikiwa vimeiva lakini havijalegea kabisa, maana kupashwa tena kutavilainisha zaidi. Na mchuzi wa karanga upikwe mzito kuliko unavyoupenda mezani, kwa kuwa mchuzi mzito unachukua nafasi ndogo, na maji utayaongeza siku ya kuula. Chumvi na pilipili ziwe kidogo; kuongeza ni rahisi.

Kupoza: hapa ndipo usalama wote ulipo

Naomba sehemu hii isisomwe kwa haraka. Watu wengi wanaamini kwamba friza huua vijidudu, na haiui. Huvisimamisha tu, navyo huamka chakula kinapoyeyuka. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 bakteria huongezeka kwa kasi kubwa, na sufuria kubwa ya maharage iliyoachwa kwenye meza ya jikoni hadi asubuhi huwa katika joto hilo usiku kucha, hasa katikati yake, ambako hakuna upepo unaofika. Baadhi ya bakteria hutengeneza chembe sugu zinazoishi hata baada ya kuchemshwa, na wengine huacha sumu ambayo moto wa kesho hautaiondoa. Wali ni mfano unaojulikana sana, na ndiyo maana wali unaobaki haufai kuachwa mezani hata kidogo.

Lengo ni kwamba chakula kiwe kimeingia katika jokofu au friza ndani ya saa mbili tangu kitoke motoni. Siku za joto kali, joto la jikoni likizidi nyuzi 32, muda huo ni saa moja. Njia ya kulifikia lengo hilo ni kukipunguza kina: mimina mchuzi katika vyombo vipana, usizidi sentimita 5 kwenda chini, kisha weka vyombo hivyo ndani ya beseni au karai lenye maji baridi, ukibadilisha maji yanapopata joto na kukoroga mchuzi mara kwa mara. Chupa mbili za maji yaliyoganda zikitiwa ndani ya karai hilo hufupisha kazi sana. Funika kwa wavu ili nzi wasitue, lakini usifunge kifuniko wakati mvuke bado unatoka.

Mchuzi ukishapoa kiasi kwamba chombo hakiunguzi mkono, uingize kwanza katika jokofu la kawaida, na baada ya kuwa baridi kabisa uhamishie katika friza. Usitie mafungu yote 13 kwa pamoja. Friza nyingi zimeandikwa ni kilo ngapi zinaweza kugandisha kwa saa 24, na ukizidisha kiasi hicho, chakula kipya kitachelewa kuganda na kile cha zamani kitaanza kuyeyuka. Ndiyo sababu nyingine ya kupika maharage Jumamosi na nyama Jumapili, kama nafasi inaruhusu.

Kufunga na kuandika

Vyombo vya plastiki vyenye vifuniko vinavyobana vinafaa, na mikebe ya aiskrimu iliyooshwa vizuri inafaa pia, mradi isimiminiwe kitu cha moto. Mifuko minene ya chakula huokoa nafasi ikijazwa, ikatolewa hewa na kulazwa bapa ili igande kama ubao. Kaveera jepesi la sokoni, yaani mfuko mwembamba wa plastiki, na hasa lile jeusi, lisiguse chakula kabisa, wala moto wala baridi. Maji hutanuka kwa takriban asilimia 9 yanapoganda, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 2 juu ya mchuzi. Chupa ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni itapasuka.

Kila fungu liwe la mlo mmoja wa familia yako. Hili ni jambo dogo linalosahauliwa, na anayelisahau hulazimika kuyeyusha donge la kilo nne kwa ajili ya watu watatu. Bandika utepe wa karatasi na uandike kwa kalamu isiyofutika: aina ya mchuzi, idadi ya walaji, na tarehe. Orodha nyingine ibandikwe mlangoni kwa nje, na kila anayetoa fungu alifute, ili dada wa kazi asilazimike kufungua friza na kuchakura huku baridi ikitoka. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, maharage, nyama na kuku wa mchuzi huwa na ladha nzuri kwa miezi miwili hadi mitatu. Samaki wa kukaanga ningemmaliza mapema zaidi.

Kuyeyusha na kupasha

Usiku kabla ya kulala, hamisha fungu la kesho kutoka friza kwenda sehemu ya kawaida ya jokofu. Jioni ya pili litakuwa limelegea. Ukisahau, tumbukiza chombo kilichofungwa vizuri katika maji baridi na uyabadilishe kila nusu saa, au mimina donge lenyewe katika sufuria yenye maji kidogo, ufunike, na uweke moto mdogo hadi liachane. Kisichokubalika ni kuacha fungu kwenye meza tangu asubuhi mnapoondoka hadi jioni mnaporudi, kwa maana sehemu ya nje itakuwa imeshinda kutwa katika joto la hatari huku ndani bado ni barafu. Kama kuna dada wa kazi nyumbani, mweleze sababu, si amri tu. Akielewa sababu atalisimamia jambo hili hata wewe usipokuwapo.

Mchuzi upashwe hadi utokote wote, pamoja na katikati, yaani angalau nyuzi 75, na ukorogwe ili moto uenee. Mchuzi wa karanga hutengana baada ya kuyeyuka, mafuta juu na maji chini, na wengi huutupa wakidhani umeharibika. Haujaharibika. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo, koroga kwa mwiko juu ya moto mdogo, nao utarudi kuwa laini. Fungu lililokwisha kupashwa liliwe siku hiyo, lisirudishwe friza.

Umeme ukikatika

Hakuna mwongozo wa friza ulio kamili kwetu bila sehemu hii. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushika baridi kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu hushika kwa saa 24. Kwa hiyo usiifungue kuangalia. Nafasi zilizo wazi zijaze chupa za maji, ukiacha pengo la kutanuka, kwa sababu barafu hiyo hurefusha muda huo.

Kwa kuwa umeme unaweza kukatika na kurudi mkiwa safarini kijijini, weka kikombe cha maji katika friza, na yakishaganda weka sarafu ya shilingi mia tano juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta sarafu juu, chakula hakikuyeyuka. Ikiwa imezama hadi chini, barafu yote iliyeyuka kisha ikaganda upya, na mchuzi uliomo haufai kuliwa hata kama unaonekana mzima na haunuki.

Mkiwa nyumbani na umeme ukakatika kwa zaidi ya saa hizo 48 au 24, gusa fungu moja baada ya jingine. Lenye chembe za barafu ndani, au lililo baridi kama lililotoka jokofu, yaani lisilozidi nyuzi 4, linaweza kugandishwa tena umeme ukirudi, ingawa ladha itapungua kidogo, au lipashwe hadi litokote na liliwe siku hiyo. Anza na nyama, kuku na samaki, kwa kuwa hivyo ndivyo vya gharama na vya hatari zaidi. Lililolegea kabisa na kupata joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili litupwe, na lifukiwe au litiwe katika pipa lenye kifuniko, ili watoto na mbwa wa mtaa wasilifikie.